Kiwiko cha Bibi na Lenzi Isiyovuta

Sebuleni kwa bibi yangu kule Chome kulikuwa na picha moja tu ukutani, na katika picha hiyo bibi alikuwa kiwiko. Ilipigwa siku ya kipaimara, enzi za usichana wake. Mpiga picha alipanda kutoka bondeni na kamera yake, akampanga mchungaji, wazee wa kanisa na vijana wote mbele ya mlango wa kanisa, akabonyeza, akaenda zake. Picha iliporudi kutoka kusafishwa kila mtu alikuwamo, isipokuwa bibi, ambaye alikuwa amesimama mwisho wa mstari. Ukingoni mwa picha, upande wa kushoto, kilibaki kiwiko chake chenye kovu la moto alilolipata kwenye chungu cha makande.

Mtu mwingine angeitupa. Bibi aliitia fremu. Mgeni akiingia, kabla hajaonyeshwa kiti, alionyeshwa kiwiko. "Huyu ni mimi," bibi alisema, na mgeni akaitikia kwa adabu, maana utamwambia nini mwenye nyumba? Mimi nilipokuwa mdogo niliwahi kukiamkia shikamoo, na bibi akaitikia marahaba kutoka jikoni.

Sasa bibi amekuwa mtu mzima sana. Jicho la kulia liliingia ukungu likafunga kabisa, na la kushoto likaanza kufuata njia hiyohiyo. Ndipo alipotuma ujumbe kwa watoto na wajukuu wote, waliobaki mlimani, walioshukia Same na wale wa mashamba ya mpunga Kihurio. Alitaka picha moja. Watu wake wote wawemo, na yeye awemo mzima, kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatu. Na alitaka aione kwa jicho lake mwenyewe kabla nalo halijafunga, asije akasimuliwa.

Kazi ikaniangukia mimi, kwa sababu ndimi mwenye kamera. Nina duka la steshenari karibu na stendi ya Same. Natoa kopi, nalaminisha vyeti, napiga picha za pasipoti mbele ya shuka la bluu. Kamera yangu ni ya kuanzia, ile ambayo mtu hununua akisema atabadilisha baadaye, na baadaye haifiki. Mwili wake ulikuwa mzima. Lenzi ndiyo iliyouawa na upepo wa Same. Anayeujua upepo huo na vumbi lake hahitaji maelezo. Nikizungusha lenzi ilikuwa inasaga mchanga, na kila picha ilitoka na doa kwenye paji la uso. Wateja walikuwa wanarudi kunigombeza kwa kuwapa baka ambalo hawakuzaliwa nalo.

Nikaanza kutafuta lenzi nyingine ya bei nafuu. Niliwasikiliza wataalamu wa mtandaoni mpaka nikaanza kuota sauti zao, na wote waliimba wimbo mmoja: nunua Hamsini. Hamsini, yaani ya milimita hamsini, ni lenzi fupi, nyepesi, rahisi kwa bei. Haivuti mbele wala nyuma, imekaa palepale ilipo. Ila inafungua jicho lake sana, inakunywa mwanga, na ukimpiga mtu picha, yeye anatoka safi na vya nyuma yake vyote vinayeyuka. Niliipenda kabla sijaiona. Nilipenda hasa namna wale wataalamu walivyoidharau lenzi ndogo inayokuja na kamera, kana kwamba kuitumia ni kwenda harusini na kandambili.

Kwa kuwa ukoo ulichanga, sikuweza kwenda dukani peke yangu. Kwetu kitu cha kuchangiwa hakinunuliwi na mtu mmoja. Nikafuatana na baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa bibi na mwenyekiti wa kila kikao tulichowahi kuwa nacho, mpaka duka la kamera Moshi.

Muuzaji alitupangia lenzi tatu juu ya kaunta, zote za mtumba. Ya kwanza ilikuwa Hamsini. Ya pili ilikuwa ndefu kama mkono wa mtoto. Ya tatu ilikuwa ndogo ya kawaida, dada wa ile iliyonifia, inayovuta kidogo na inayochukua upana.

Baba mkubwa amefuga maisha yake yote na hajui namna nyingine ya kununua. Aliipima kila moja uzito kiganjani. Akaipuliza. Akachungulia mbele, akachungulia nyuma, akaipitisha kidole mdomoni kama anayetafuta meno.

"Mwenyewe anaiuzia nini?" akauliza.

"Ameacha kupiga picha, mzee."

"Kwa nini ameacha? Ilimsumbua?"

Muuzaji akaapa kwamba lenzi haikumsumbua mtu. Baba mkubwa akaichukua ile ndefu, akaielekeza mlangoni, na uso wake ukachangamka. "Hii ndiyo mali. Ukisimama nayo Chome unamwona mtu wa Kihurio anapalilia mpunga."

"Baba mkubwa, tunampiga picha bibi. Hatumpigi mtu wa Kihurio."

"Na wa Kihurio nao ni watu wake."

Muuzaji alijaribu kutuambia kwamba kwa picha ya familia hiyo ndogo ya kawaida ingetosha kabisa. Hakuna aliyemsikiliza. Baba mkubwa alikwisha kuipima akaiona nyepesi kama kikombe cha plastiki, na mimi nisingekubali kutoka Same mpaka Moshi nikarudi na kandambili. Tukabishana. Sisi Wapare tunajulikana kwa hilo na sitajitetea. Wateja waliingia, wakahudumiwa, wakatoka, sisi tunabishana. Muuzaji akatununulia soda ili tupoe, tukazinywa, tukaendelea. Mwisho nilishinda kwa sababu Hamsini ilikuwa rahisi kuliko ile ndefu, na mwenyekiti wetu anaheshimu sana hoja ya namna hiyo.

Tukiwa njiani kurudi akaishika, akaizungusha, akaizungusha tena. "Mbona haivuti?"

"Haivuti, baba mkubwa. Unavuta kwa miguu. Ukitaka karibu unasogea, ukitaka mbali unarudi nyuma."

Akainama akaitazama miguu yangu. "Kwa hiyo ukoo umenunua miguu yako," alisema. "Miguu ambayo tulikuwa nayo tayari."

Nilimwambia asubiri aone. Tulipofika kwake Same nikamsimamisha mbele ya tanki lake jipya la maji, na ng'ombe wake wa maziwa kando ya tanki, nikampiga picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Kila mvi ilionekana. Nikampa kamera atazame. Alitazama sana, akageuka kuangalia nyuma yake, akatazama tena.

"Tanki liko wapi?"

"Lipo, lile jeusi nyuma yako."

"Hili ni wingu. Na huyu ng'ombe ni moshi. Mtu akiiona picha hii atasema nina nini?"

Nilieleza kwamba ndiyo ustadi wenyewe, kuondoa vitu ili mtu abaki. Akaniambia mtu hakumaliza miaka yote hiyo akitafuta vitu ili aje kuondolewa na mwanawe. Nilikasirika. Hata leo nikikumbuka nakasirika, kwa sababu picha ilikuwa nzuri.

Siku yenyewe tulipanda Chome, na Chome kulikuwa baridi kama kawaida yake. Mimi wa Same nilikuwa nimevaa blauzi nyepesi. Bibi alinishika mkono akaona nimepoa, akaingia ndani akatoka na sweta lake la rangi ya damu ya mzee, lililotoboka kiwiko cha kulia akalishona kiraka cha uzi wa kijani. "Vaa, mke mwenzangu," aliniambia. Hivyo ndivyo anavyoniita kwa utani tangu nizaliwe. Yeye mwenyewe alikuwa tayari ameketi kwenye kiti uani, kitambaa kipya kichwani, viatu vya kanisani mguuni, mikono magotini. Kila mtu aliyekuja kumsalimia, bibi alimwuliza kama yeye bibi anaonekana vizuri, na alikuwa anauliza kwa dhati.

Ua wa Chome si uwanja. Ni rafu iliyochongwa mlimani: nyuma ya nyumba mlima unapanda, mbele ya ua mlima unashuka. Nilisimama mbele ya bibi, nikainua kamera, na ndani ya Hamsini nikamwona bibi na bega la baba mkubwa. Basi. Watu waliojaa ua mzima, na lenzi imechukua mtu mmoja na bega.

Nikarudi nyuma, kama nilivyofundishwa. Nikaona mabega mawili. Nikarudi tena mpaka visigino vikawa hewani, nikaona watu sita.

"Sogeleaneni!" nikapaza sauti. Hakuna aliyesogea.

Kwetu mkwe wa kiume hakai karibu na mama mkwe wake. Hawashikani mikono, hawapishani mlangoni, na wakikutana njiani mmoja anaiacha njia apite shambani. Ni heshima, na nilikuwa naiona kuwa jambo jema mpaka siku ile. Bibi ana mabinti wengi, na mabinti wana mabinti walioolewa, kwa hiyo mstari ulikuwa umejaa mama wakwe, na kila mama mkwe alikuwa ameachiwa nafasi ya kupita ng'ombe. Nilipopendekeza vijana wapande ukingo wa nyuma wasimame juu, shangazi mmoja aliniuliza kama nataka viatu vya mkwewe vikae juu ya kichwa chake. Wakanyooka wote mstari mmoja, wakaumaliza ua, wakaingia migombani, mpaka kwenye shina la mparachichi, kama watu wa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wanaosubiri kugawiwa majembe.

"Ile ndefu ingewafikia," baba mkubwa alisema.

Ile ndefu ingechukua pua ya bibi peke yake. Nilitazama mbele ya ua, chini kwenye kijito, halafu ng'ambo ya kijito, mlima wa pili ulipoanza kupanda. Palikuwa na ua mwingine, unatazamana na wetu. Miguu ndiyo hiyo iliyonunuliwa na ukoo. Nikaanza kushuka.

Tatizo la ua ule lilikuwa mwenyewe. Mzee wa ng'ambo na baba mkubwa wana kesi ya mpaka tangu sijaenda shule. Mpaka umepandwa masale pale kijitoni, na kila mmoja anadai masale yametembea kuja kwake. Kesi imefika kila baraza linalofikika na kurudi. Nilimkuta uani kwake ameketi kando ya kinu, anatutazama, na inaelekea alikuwa anatutazama tangu asubuhi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe si wa kule?"

"Ni wa kule."

"Umetumwa kupima shamba?"

"Hapana, babu. Nimekuja kumpiga picha bibi."

Akanyoosha kidole. "Bibi yako yule kule, mwenye kitambaa. Mbona umemkimbia?"

"Lenzi yangu haivuti, babu. Kumpata na watu wake wote lazima niende mbali."

Alilifikiria jambo hilo kwa haki. Akasema nipige, kwa sharti moja: masale yasionekane, maana picha ni ushahidi na yeye hatatoa ushahidi uani kwake mwenyewe bila wakili. Wakati huohuo sauti ya baba mkubwa ikavuka bonde, kubwa kama ya kanisani: "Hakikisha masale yanaonekana!" Kule kwetu bonde halizuii maneno. Watu hupeana habari za misiba na posa kutoka mlima hadi mlima bila kuinuka vitini. Niliwajibu wote wawili kwa pamoja kwamba lenzi haiwezi, na ulikuwa ukweli mtupu. Ilichukua mstari wa watu, kipande cha bati na migomba kidogo. Masale yalibaki chini.

Nilipindua kinu, nikaiweka kamera juu ya kitako chake, nikachungulia. Sitasahau. Wote walienea. Kutoka kwa mjukuu wa kwanza kushoto mpaka kwa shemeji yangu, mume wa dada, aliyeegemea shina la mparachichi kulia, hakuna aliyekatwa hata sikio. Bibi katikati, mdogo kama punje, lakini mzima mpaka viatu. Nilisikia machozi yananijia na nikajikaripia. Nikaweka kidole.

Bibi akasimama.

Akainuka kabisa kutoka kitini, akamwuliza baba mkubwa kitu. Baba mkubwa akaviringisha mikono mdomoni. "Anauliza mpiga picha yuko wapi!"

"Niko huku!"

Wakanong'ona. "Anasema basi hatujaenea! Anasema haketi!"

Nilimjibu kwa sauti kwamba mpiga picha hawezi kuwamo pichani, ndivyo kazi ilivyo. Jibu likarudi kwamba hata yule wa siku ya kipaimara alisema ndivyo kazi ilivyo. Bibi aliendelea kusimama. Ukungu ulikuwa umeshaanza kushuka kutoka msitu wa Shengena, taratibu, unameza mti baada ya mti.

Nikamgeukia mzee wa ng'ambo.

"Babu, nakuomba. Usiiguse, usiisogeze. Nikifika kule nitainua mkono. Ukiona mkono, bonyeza hapa, mara moja."

"Mkono, mara moja," alirudia, kwa sauti ya mtu aliyezoea kula kiapo.

Nilishuka mbio, nikavuka kijito, nikapanda mbio, sweta la bibi linanichoma. Nilipotokea mwisho wa mstari, kando ya mparachichi, bibi alikuwa ameketi na watu wote wametazama ng'ambo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba picha ilikuwa imejaa. Mwisho wake ulikuwa bega la shemeji, na mimi nilikuwa nje ya bega la shemeji.

"Shemeji, sogea ndani."

"Nisogee wapi? Mama yupo hapo."

Mama yangu alikuwapo kweli, ndiye mama mkwe wake, na kati yao kulikuwa na ile nafasi ya ng'ombe. Nafasi ambayo ningeingia mimi, nikasimama kati ya mama yangu na shemeji yangu, na heshima ya kila mtu ikabaki salama. Niliiona nafasi hiyo kwa uwazi kuliko kitu chochote maishani mwangu. Na ili mzee asibonyeze kabla sijaingia, nikainua mkono kumwashiria asubiri.

Mzee wa ng'ambo akaona mkono. Akabonyeza, mara moja.

Nilipiga kelele apige tena. Akajibu kwamba makubaliano yalikuwa mara moja, na kama nataka kuyabadilisha nivuke tukae. Wakati tunabishana ukungu ukafika kijitoni, ukachukua masale, ukachukua ng'ambo yote na mzee mwenyewe ndani yake, na mtu akasema makande yanapoa. Kesho yake watu walianza kutawanyika alfajiri.

Tangu hapo tumebishana sana juu ya picha ile. Mzee wa ng'ambo anadai ni yake kwa kuwa aliibonyeza, tena juu ya kinu chake, na ametishia kuiunganisha na kesi ya masale. Baba mkubwa hajaacha kuitaja lenzi ndefu. Na mimi ukiniuliza ununue lenzi gani ya bei nafuu kwa kamera ya kuanzia, nitakuambia Hamsini bila kusita, mradi uwe na bonde na jirani.

Niliichapisha kubwa, nikaipeleka Chome mwenyewe. Niliogopa jicho lisije likawahi kufunga. Bibi aliipeleka picha mlangoni kwenye mwanga, akaisogeza mpaka pua ikakaribia karatasi. Alianzia katikati. "Kitambaa," alisema. "Mikono. Viatu, vyote viwili." Akacheka peke yake. Halafu akaanza kutembea na jicho lake kushoto, akataja kila mtu. Akarudi katikati, akaenda kulia, akataja kila mtu, mpaka kwa shemeji na mparachichi. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba mimi sikufanikiwa kuwamo, na kwamba naomba anisamehe.

Bibi aliganda hapo ukingoni. Akapitisha kidole. Nyuma ya bega la shemeji, ukingo wa mwisho kabisa, kulikuwa na kiwiko kilichoinuliwa, kwenye sweta la rangi ya damu ya mzee, chenye kiraka cha kijani.

"Sweta langu," alisema. "Tumeenea."

Alinituma nyundo. Nilitaka kuitundika picha juu ya ile ya zamani, akakataa. Alitaka ziwe sambamba, mpya kushoto, ya zamani kulia, tena zisogeleane mpaka fremu zigusane, na alisimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza. Sasa kiwiko changu kiko ukingoni upande huu na chake kiko ukingoni upande ule, vinatazamana.

Jicho la kushoto nalo limefunga. Mgeni akiingia, bibi anainuka, anapapasa ukuta mpaka anafika pale fremu zinapogusana, anaweka kiganja chake juu ya zote mbili.

"Huyu ni mimi," anasema, "na huyu ni mke mwenzangu."